Profesa Dawes hakuwa mchawi

Mhariri,

Miaka 19 nasoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kuvumilia. Ile habari ya profesa wa Uingereza mliyoipa kichwa "Mwanasayansi aliyekuwa mchawi" imeniudhi mno.

Edwin Dawes, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 97, alikuwa profesa wa baiokemia Chuo Kikuu cha Hull. Alichunguza jinsi bakteria wanavyojiwekea akiba ya nishati. Kando ya hayo aliandika historia ya mazingaombwe, fani ya watu kama Robert-Houdin, fundi saa wa Kifaransa. Mwaka 1856 serikali yake ilimpeleka Algeria, akaweka jukwaani kisanduku ambacho mwanamume wa miraba minne alishindwa kukiinua. Chini palikuwa na sumaku ya umeme. Huo ni uchawi? Kiswahili kina kiinimacho, kina mazingaombwe. Mwandishi wenu kayaacha yote hayo, kachukua neno linaloua vikongwe.

Msimu wa korosho wa juzi, shemeji yangu hapa Newala alipolipwa tu, akatokea kijana na begi la karatasi nyeusi. Akatumbukiza mbili kwenye bakuli, zikatoka noti za shilingi 10,000. Shemeji akamkabidhi fedha zote za mauzo azizidishe. Hakumwona tena. Nikanunua iodini na vidonge vya vitamini C duka la dawa, nikapaka noti yangu mpaka ikawa kahawia iliyokoza, nikaiosha mbele ya shemeji kwa maji ya vile vidonge. Ikatakata, na vidole vyangu vikatakata. Akaishika, akaigeuza, akasema: "Kumbe niliibiwa, mwalimu." Jumapili kaja na gazeti lako kwapani. "Mbona hata maprofesa wao wachawi? Yule kijana alikuwa nazo nguvu za kichawi." Kazi yangu yote imerudi sifuri!

Na hili nalo niliseme, maana nimefundisha kemia miaka 31: zipo sekondari ambazo maabara ni chumba chenye kufuli tu. Mtoto anafundishwa mabadiliko ya rangi ubaoni, kwa chaki nyeupe.

Irudieni habari ile ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile, muandike mazingaombwe. Na kabla ya mnada wa kwanza wa korosho mtoe picha nne: noti safi, noti yenye iodini, noti ndani ya bakuli, noti iliyotakata. Noti nitaitoa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara