Kichekesho cha nje kisitafsiriwe, kiandikwe upya

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya kuchukua kichekesho cha televisheni cha nje na kukitengeneza kwa Kiswahili, mtu wa kwanza kutafutwa ni mfasiri. Hapo ndipo kazi inapoanza kuharibika.

Chukua The Office, kichekesho cha Uingereza kuhusu bosi na wafanyakazi wa ofisi moja. BBC iliirusha kuanzia mwaka 2001, vipindi 12 tu na nyongeza ya Krismasi. Wamarekani walipoitengeneza upya mwaka 2005, kipindi cha kwanza kilifuata mswada wa Uingereza karibu neno kwa neno. Mji wa Slough, Uingereza, ukawa Scranton, Marekani. Bosi aliyekuwa akimpachika mkuu wake wa kike jina la Camilla Parker Bowles, mpenzi wa Mwanamfalme Charles wakati huo, sasa akamwita Hillary Rodham Clinton. Stepla iliyogandishwa ndani ya jeli ikabaki vilevile, kwa sababu uchokozi wa meza kwa meza hauhitaji pasipoti. Aliyepwaya ni bosi mwenyewe. Marekani mfanyakazi hufukuzwa kwa urahisi, kwa hiyo meneja mzembe asiye na faida yoyote haaminiki. Msimu wa pili, waandishi chini ya Greg Daniels, aliyeongoza toleo la Marekani, walimbadilisha nywele, wakampunguzia ukatili, na katika kipindi kimoja wakamwonyesha mgahawani akimlainisha mteja mgumu mpaka biashara ikapatikana. Ikajulikana kwa nini bado ana kiti. Mfululizo ulifika vipindi 201, mwaka 2013.

Coupling, nayo ya Uingereza, ilipelekwa Marekani mwaka 2003 kwa kutumia miswada ileile iliyofupishwa. Vilirushwa vipindi vinne, ikaondolewa. BBC haina matangazo ya biashara, hivyo nusu saa yake ni karibu dakika 29. Kituo cha televisheni kinachotegemea matangazo hubakiwa na 22 hivi. Anayekata dakika saba hubakiza vichekesho na kutupa maandalizi yake: funguo zilizotajwa dakika ya 4 ndizo zinazochekesha dakika ya 19. Heri kuondoa mkasa mmoja mzima kuliko kupunguza sentensi kila ukurasa.

Kwa Kiswahili kuna mtego zaidi, nao ni ngeli. Vichekesho vingi vya Kiingereza husimama juu ya neno moja: mume anaisifu mashua yake kwa kiwakilishi cha kike, mke aliye mlangoni anadhani ni mwanamke. Kwetu mume akisema tu "imezeeka lakini bado inakwenda", siri imevuja, kwa kuwa "i-" si ya mtu. Hakuna tafsiri itakayookoa onyesho hilo. Ila lugha yetu ina mlango mwingine: "mwenzangu amesema atalala hapa" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na mwandishi anaweza kuwaweka watu roho juu mpaka mgeni abishe hodi.

Halafu kuna salamu. Ofisi ya Slough wanaitana majina ya kwanza, bosi na karani. Mweke hapa meneja wa miaka 33 na mhudumu wa miaka 58. Nani anaanza? Meneja anatakiwa kusema "shikamoo mzee" kabla ya kumkaripia kwa kuchelewa, na mzee ataitikia "marahaba mwanangu" taratibu, huku wafanyakazi wote wanasikiliza. Bosi anayetaka kupendwa na kuogopwa kwa wakati mmoja ameshakwama, na hakuna mstari wa Kiingereza uliohitajika.

Kwa hiyo tunawaomba wanaonunua haki za kutengeneza upya kichekesho cha nje wasome mkataba kabla ya kulipa. Ukiruhusu kutafsiri tu, hautoshi. Uandikwe wazi kwamba mnaweza kubadilisha majina, mahali, kazi na umri wa wahusika, na kutunga vipindi vipya visivyokuwamo katika asili. Mswada ukishaandikwa, usomwe kwa sauti mezani na wachezaji wenyewe angalau mara mbili kabla ya kamera kuwashwa, mtu mmoja akishika saa na mwingine akitia alama kila pahali wasikilizaji walipokaa kimya.

Waandishi wa miswada ya televisheni,
Dar es Salaam