Vizimba vya kware vipunguzwe kimo

Mhariri,

Kware akishtuka hakimbii kama kuku. Hujirusha wima kwa miguu, mabawa yakifuata, bila kutazama kilichoko juu. Ndiyo maana vizimba vya futi mbili hadi nne, ambavyo mafundi wengi huviunda kwa kufuata vipimo vya kuku, vinaua kware. Kimo hicho kinatosha kumpa kasi ila hakimpi nafasi ya kugeuka. Anagonga waya kwa utosi, ngozi ya kichwa inachanika, na asipovunjika shingo, wenzake wakiona damu humdonoa wasiache.

Vimo salama ni viwili. Cha kwanza ni sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni hadi dari. Kware wa Kijapani, ambaye ndiye anayefugwa zaidi kwa mayai, husimama na kutembea humo bila shida, na akiruka hugusa dari kabla hajapata nguvu. Cha pili ni banda la kuingia mtu, mita 2 au zaidi, tena lenye dari laini.

Dari laini si jambo la gharama kubwa. Ning'iniza neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, sentimita 5 hadi 8 chini ya waya au bati, na iache ilegee kidogo. Ikikazwa inakuwa ngumu, kazi yake inapotea. Nyavu kuukuu za kuvulia samaki zisitumike, kwani matundu yake hunasa shingo na mabawa. Sponji nayo, isipofunikwa kwa kitambaa kigumu, hudonolewa na kumezwa. Ncha za waya na misumari zielekezwe nje.

Kukata manyoya ya bawa moja, dawa inayopendekezwa mno, hakuzuii mruko unaoanzia miguuni. Ndege hupinda tu hewani na kugonga ukuta badala ya dari.

Heri kupunguza vinavyomshtua. Mlango uwe ubavuni, chini. Mkono unaotokea juu kwake ni mwewe. Ziba pande tatu kwa mbao ili paka na mbwa wasionekane, na weka matawi au kisanduku cha kujificha. Wanaowawashia taa watage hadi saa 14 au 16 za mwanga kwa siku wakumbuke kwamba giza la ghafla, hata la umeme kukatika, huwarusha wote kwa pamoja. Taa ndogo hafifu ya sola iwashwe kabla ya kubwa kuzimwa, ibaki nusu saa baadaye.

Aliyeumia atengwe mara moja penye utulivu na mwanga mdogo. Kidonda kioshwe kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha kipakwe iodini. Asirudishwe kabla ngozi haijafunga.

Nawaomba mafundi wabadilishe vipimo, na maafisa ugani wakague kimo kabla ya kuzungumzia chakula. Aliyekwisha kununua kizimba cha futi mbili hana haja ya kukitupa: akigawe ghorofa mbili za sentimita 25, na katikati aache nafasi ya trei ya kinyesi. Kwa kizimba kilekile atapata sakafu mara mbili.

Mfugaji wa kware,
Morogoro