Fundisheni mpangilio wa kanuni za ukuta wa moto

Mhariri,

Mimi ni fundi kompyuta hapa Mwanjelwa, Mbeya. Juzi niliitwa kwenye duka la pembejeo, seva yao imeingiliwa. Kumbe aliyeisimika, kwenye ukuta wa moto (programu inayochuja mawasiliano ya mtandao), aliweka kanuni ya kuruhusu wote juu, ya kuzuia chini. Kiini cha Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi huo, husoma mnyororo (orodha) wa kanuni kuanzia juu. Pakiti, yaani kipande cha data kinachopita mtandaoni, ikishapokelewa na kanuni moja, zilizo chini yake kwenye mnyororo huo haziguswi. Ile kanuni ya kuzuia, kaunta yake (kihesabio cha pakiti zilizoifikia) ilisoma sifuri! Nikaipandisha, kaunta ikaanza kuhesabu palepale. Tena tangu 2014 kiini kina nftables, zana ya kuchuja pakiti, inayobadilisha seti nzima ya kanuni kwa mpigo mmoja. Wakufunzi wa vyuo vyetu, tafadhali, wafundisheni vijana jambo hili kwa vitendo.

Fundi, Mwanjelwa