Dawa ya sonona yataka wiki, na mgonjwa ataka kuelezwa

Bwana Mhariri,

Nimesoma makala mliyochapisha juu ya dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na nawashukuru kwa kugusa ugonjwa ambao hapa Bukavu bado hutajwa kwa sauti ya chini. Lakini makala hiyo ilisema kwamba dawa hizo humlaza tu mtu ili asahau shida zake, na hapo ndipo naomba nafasi ya kujibu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huko Kadutu, na imani hiyo naiona kila wiki ikiwarudisha nyuma watu ambao tayari walikuwa wameanza safari ya kupona.

Miezi michache iliyopita alinijia mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Alikuwa ameacha kwenda sokoni kwa sababu asubuhi alishindwa hata kuinuka kitandani, na jirani zake walisema ana mawazo mengi, maana ndivyo tunavyosema hapa kwetu. Neno sonona wachache hulitumia. Alifungua fundo la kitenge chake, akaniwekea mezani plaketi ya amitriptilini, dawa ya sonona aliyokuwa ameandikiwa siku kumi na moja kabla. Vidonge vinane tu ndivyo vilivyokuwa vimetoka. "Munganga," akaniambia, "hii dawa haina kitu. Inanikausha kinywa na kunipa usingizi, lakini huzuni iko palepale." Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia, siku ile alipopewa dawa, kwamba ukavu wa kinywa, usingizi na kufunga choo hutangulia siku za mwanzo, na kwamba nafuu yenyewe hufuata baada ya wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita. Asiyeelezwa jambo hilo ataona dawa imemdanganya, na ataiacha kwa haki kabisa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Tangu dawa ya kwanza ya aina hii ilipojulikana, mtafiti aliyeitambua aliliona. Roland Kuhn alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Münsterlingen, nchini Uswisi, kando ya ziwa Konstanz. Kampuni ya Geigy ilikuwa imempelekea kemikali iliyojulikana kwa namba tu, G 22355, kwa matumaini kwamba ingewafaa wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo. Haikuwafaa, na baadhi yao walizidi kuhangaika. Mwanzoni mwa mwaka 1956 Kuhn aliwapa wagonjwa wenye huzuni nzito, na hapo ndipo yalipoonekana mabadiliko ambayo hakuna aliyeyatarajia. Dawa hiyo ndiyo imipramini. Kuhn alichapisha matokeo mwaka 1957, na mwaka huohuo aliyasoma katika mkutano mkuu wa madaktari wa akili huko Zurich, mbele ya wasikilizaji ambao yeye mwenyewe alikumbuka baadaye kuwa walikuwa kama 12 hivi.

Ninachokipenda katika maandishi yake ni namna alivyowatazama wagonjwa. Aliandika kwamba uso uliokuwa umeganda hulegea na kuanza tena kusema kitu. Kwamba mtu huamka asubuhi kwa hiari yake, huwaendea wenzake, huandika barua. Kwa wengine nafuu ilikuja katika siku chache, kwa wengine baada ya wiki. Na alibainisha jambo ambalo ningependa libandikwe katika kila farmasi ya mji huu: dawa ikikatishwa mapema, ugonjwa hurudi, kwa sababu ulikuwa umefunikwa tu na haujaisha; ikirejeshwa, dalili hutulia tena. Dawa ya kumlaza mtu asahau haifanyi hivyo. Anayelazwa huamka na shida yake ileile, lakini mgonjwa wa Kuhn aliamka akaomba karatasi ya kuandikia.

Kweli, ugomvi wa wataalamu haujaisha. Maelezo kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, yametiliwa shaka nzito, na namna dawa hizi zinavyofanya kazi haijaelezwa yote. Hata hivyo mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Andrea Cipriani wa Chuo Kikuu cha Oxford walikusanya majaribio 522 ya dawa 21, yaliyohusisha watu zaidi ya 116,000, wakakuta kwamba kila moja ilishinda kidonge bandia, yaani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani, ingawa kwa wastani tofauti haikuwa kubwa. Amitriptilini, hiyohiyo iliyokuwa imefungwa katika kitenge cha yule mama, ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza. Nasema hivi ili msomaji asidhani kwamba kwa kuwa ni dawa ya zamani na bei yake ni ndogo, basi ni dawa ya maskini.

Siwezi kumtaja Kuhn bila kusema pia upande wa pili wa habari yake, kwa kuwa unatuhusu. Mwaka 2019 wanahistoria walioagizwa na serikali ya Thurgau, jimbo la Uswisi iliko Münsterlingen, walitoa matokeo ya uchunguzi wao, na ikabainika kwamba kwa miaka mingi alijaribu kemikali zisizoidhinishwa zipatazo 67 kwa wagonjwa wengi sana, na wengi wao hawakuelezwa walichokuwa wakimezeshwa. Niliposoma hayo nilihuzunika, kisha nikajiuliza kama sisi ni bora. Sisi hatufanyi majaribio, lakini tunapomkabidhi mtu dawa bila kumwambia ni ya nini, itachukua muda gani na itamsumbua vipi, tunamnyima kitu kilekile walichonyimwa wagonjwa wa Münsterlingen. Tofauti ni kwamba wao walikuwa ndani ya kuta za hospitali na waliendelea kupewa, ilhali mgonjwa wetu yuko nyumbani, na asipoelewa, huacha.

Na anapoacha, huenda wapi? Mara nyingi huenda farmasi ya mtaani kuomba kitu cha kutuliza, akauziwa diazepamu, vidonge vitatu leo na vitano kesho, bila karatasi ya daktari. Hiyo ndiyo humlaza mtu. Hutuliza usiku huohuo, na kwa sababu hiyo hupendwa, lakini haiondoi sonona, na akiizoea kwa miezi mwili wake utaidai. Nadhani mwandishi wenu alichanganya dawa hizi mbili, na si yeye peke yake.

Amitriptilini nayo si pipi. Ikizidishwa inaweza kuua, hasa kwa kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana mgonjwa anayesema amechoka kuishi hatumpi vidonge vya mwezi mzima; tunampa vya siku chache, na tunamwomba dada yake au mume wake avitunze. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema, na aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala aseme pia, kwa kuwa dawa inaweza kumrudisha huko. Aliyepona aendelee kumeza kwa miezi 9 hadi 12, kama mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulivyoshauri, kisha apunguze polepole akiwa na mhudumu wake. Wachungaji wanaowaombea wagonjwa hawa nawaheshimu sana, na wengine wametuletea watu waliokuwa hatarini. Ombi langu kwao ni moja: wasimwambie mtu atupe vidonge ili kuonyesha imani.

Yule mama nilimwomba aanze upya, nikamwandikia nyuma ya kikaratasi tarehe ya kurudi na kumchorea vijistari sita, kimoja kwa kila wiki, avikate mwenyewe. Alirudi wiki ya tano akiwa amepungukiwa na vidonge kwa sababu alikuwa amevimeza vyote, na mikono yake ilinuka samaki.

Naomba basi, Bwana Mhariri, mchapishe sahihisho, na mweleze wazi tofauti ya dawa ya sonona na dawa ya usingizi. Ikiwezekana litolewe pia kwa Mashi, lugha ya Washi wa vijiji vya jirani, kwa sababu wengi wanaotujia kutoka Kabare na Walungu huletwa na wazee wao, na wazee hao ndio wanaoamua kama kidonge kitamezwa au kitatupwa.

Muuguzi,
Kadutu, Bukavu