Msianze na sailensa, anzeni na traiga

Mhariri,

Makala yenu juu ya Waswahili wa Marekani wanaoingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha ilikwenda vizuri mpaka pale anayeanza aliposhauriwa atafute kwanza bastola ya pointi 22 (.22, upana wa risasi yake kwa inchi) isiyotoa sauti, mengine yafuate. Bastola isiyotoa sauti haipo dukani wala kiwandani, na kuanza na sailensa, lile bomba la kupunguza mlio linalofungwa mdomoni mwa mtutu, ni kununua matandiko kabla ya punda.

Mtaani kwetu sailensa ni ile ya gari, na kwa kweli kazi ni moja: moshi wa moto unaingia kwenye bomba lenye visahani ndani, unapoa na kupungua kasi kabla ya kutoka. Hiram Percy Maxim aliyepata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909 alitengeneza na za injini pia. (Baba yake ndiye Maxim wa bunduki za rashasha ambazo wazee wetu walikutana nazo Mahenge mwaka 1905 kwenye vita vya Maji Maji. Familia moja, kelele na kimya.) Lakini kupunguza si kuzima. Bastola ya .22 bila sailensa hutoa mlio wa takriban desibeli 155. Ikifungwa sailensa nzuri hushuka hadi 115 au 120. Ni nafuu kubwa, maana mlio wa ghafla unaopita 140 unaharibu sikio, ila bado utasikika, na jirani yako wa renji (uwanja wa shabaha) mwenye bastola ya milimita 9 hajafunga kitu. Viziba masikio havivuliwi.

Sasa bastola yenyewe. Ubora wa .22 kwa mwanafunzi hautokani na ukimya. Haina mtikiso wa kuficha makosa. Kidole kikivuta kwa pupa, tundu kwenye karatasi linakusema papo hapo, na duara la 10 la shabaha ya mita 25 lina upana wa milimita 50 tu. Kwa hiyo tazama mambo matatu kabla ya jina la kampuni: mkono, traiga (kifyatulio), vilengeo (alama za kulengea).

Mkono: shika bastola tupu, fumba macho, inyooshe mbele, kisha fumbua. Kama kilengeo cha mbele kimeinama au kimeinuka, mpini huo haukubaliani na kifundo chako. Ruger Mark IV ya kawaida ina mpini uliolala nyuma, ilhali ndugu yake 22/45 ina pembe iliyosimama zaidi kama ya bastola ya Colt 1911. Ni bastola moja ndani, lakini kwa mkono ni mbili. Nyama ya ncha ya kidole ikae kwenye traiga bila kidole kugusa ubavu wa bastola, la sivyo kila mvuto utaisukuma pembeni.

Traiga: sheria za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, kwa bastola ya mita 25 zinataka isipungue gramu 1,000. Huhitaji kipimo cha dola 60 kujua. Hakikisha chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) haina kitu, angalia tena, weka magazini (kisanduku cha risasi) tupu (Mark IV haifyatuki magazini ikiwa nje), koki (iweke tayari kufyatuka), elekeza mtutu juu, kisha tundika kwenye traiga chupa ya lita moja ya maji kwa kitanzi cha waya. Uinyanyue taratibu. Nyundo isipoanguka, traiga inazidi kilo. Ikianguka kabla chupa haijaacha meza, ni nyepesi mno kwa mashindano, na kwa anayejifunza ni hatari. Uzito si kila kitu. Traiga ya kilo moja na nusu inayokatika kama kijiti kikavu ni bora kuliko ya kilo moja inayokwaruza kama inaburuta mchanga.

Vilengeo: vya nyuma viwe vya kurekebika juu na pembeni. Na hapa tofauti kubwa ni muundo. Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory zina mtutu uliofungwa imara, kilengeo cha mbele kikiwa juu yake. Kinachokwenda na kurudi ni bolti (chuma kinachofunga chemba) au slaidi fupi ya nyuma tu. Taurus TX22 na Glock 44 zina slaidi ndefu inayobeba vilengeo vyote viwili, na hiyo inamfaa mtu anayetaka bastola ifanane na ya milimita 9 anayoitumia: Glock 44 ina umbo la Glock 19. Anayetaka kujifunza shabaha tu, achukue mtutu usiocheza.

Kwa mtumba, ulizeni mambo mawili. Mark I, II na III hufunguka kwa shida, na wengi huishia kuzirudisha vibaya. Mark IV ya 2016 ilileta kitufe kimoja nyuma, unabonyeza na mtutu unainuka. Lakini Mark IV zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 ziliitwa zirudi kiwandani, kwa sababu traiga ikivutwa sefti (kizuizi cha usalama) ikiwa katikati, bastola ingeweza kufyatuka sefti inaposogezwa. Linganisheni namba ya bastola na mtengenezaji kabla ya kutoa hela.

Mazoezi ya nyumbani bila risasi yana mtego wake kwenye .22. Fataki (kemikali inayowasha baruti) ya risasi hii imo ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo pini ya kufyatulia hugonga ukingo. Chemba ikiwa tupu, pini huweza kugonga chuma cha mdomo wa chemba na kukitia mbonyeo. Baadaye maganda yanang'ang'ania na mtu analaumu risasi. Familia ya Mark ya Ruger ina kipini kidogo cha kuzuia pini kufika huko. Aliyefungua bolti akakisahau kipini hicho mezani ataharibu chemba kwa jioni moja. Kwa bastola nyingine, plagi ya plastiki ya kuchomekea skrubu ukutani, saizi inayoingia bila kulazimishwa, hutosha kupokea pigo, na hutupwa ikishachakaa.

Risasi msinunue sanduku la 500 siku ya kwanza. Bastola za .22 zina ulimbwende: hii inakula chapa ile, inatapika hii. Chukueni visanduku vya 50 vya chapa tano au sita, pigeni makundi matano ya risasi kumi kumi kwa kila chapa mkiegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, mita 25, na kuandika mbili: upana wa kundi na idadi ya kukwama. Kukwama kwingi huanzia kwenye magazini. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, zinashikana na bolti haiipandishi, kwa hiyo pakieni moja moja, mkiinamisha kila risasi ili ukingo wake utangulie ule wa chini.

Pini ikigonga risasi isilie, mtutu ubaki kwenye shabaha sekunde 30, ndipo uitoe. Fataki ndani ya ukingo haisambai sawasawa siku zote.

Kama baada ya haya yote bado unataka sailensa, vizuri, haina haramu yoyote pale sheria inaporuhusu. Mtutu uwe na thredi ya nusu inchi, nyuzi 28 kwa inchi, ndiyo ya kawaida Marekani. Za Ulaya nyingi ni nusu inchi kwa 20, na mtu akilazimisha moja kwenye nyingine anaharibu vyote viwili. Mtutu usiocheza hauhitaji ile springi ya kusaidia inayofungwa kwenye sailensa za milimita 9. Angalia pia unene: sailensa yenye unene wa milimita 25 ikifungwa kwenye bastola yenye vilengeo vifupi, unabaki unatazama kopo.

Kuhusu kasi, makala yalisema lazima ununue risasi maalumu za polepole. Kwa bunduki ndefu, ndiyo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na risasi ikiipita hutoa mpasuko wake angani ambao hakuna sailensa itakayouzima. Risasi ya kampuni ya CCI iitwayo Standard Velocity imeandikwa futi 1,070 kwa sekunde, kama mita 326, iko chini. Mini-Mag ya kampuni hiyo hiyo imeandikwa 1,235, yaani mita 376, lakini hizo ni namba za mtutu mrefu. Kwenye mtutu wa inchi nne na nusu mara nyingi nayo hushuka chini ya sauti. Hivyo kwa bastola risasi ya kasi ya kawaida inatosha na bolti inarudi vizuri. Zile za polepole sana huishia kutojaza chemba. Risasi ya Stinger iacheni: ina kasi mno, na ganda lake ni refu kidogo kwa chemba za mashindano.

Utashangaa mlio wa kwanza ni mkubwa kuliko wa pili. Ni hewa iliyomo ndani ya sailensa inayowaka pamoja na baruti. Si ubovu.

Ubovu wenyewe ni huu. Risasi yenye baruti haba hukwama ndani ya mtutu. Bila sailensa unasikia kapuu badala ya mlio, unasimama. Ukiwa na sailensa, kila mlio ni kama kapuu, na ile ya pili inakuta njia imezibwa. Kwa hiyo hesabuni matundu kwenye karatasi, na bolti isiporudi nyuma au ganda lisipotoka kwa nguvu, acheni kufyatua: magazini nje, chemba wazi, ufito upite mtutu mzima kabla ya kuendelea. Pamoja na hilo, sailensa hulegea kwa mtikiso. Ikikaa upande hata kidogo, risasi inakwangua visahani. Kila mkibadilisha magazini, ikazeni kwa mkono, mkivaa glovu maana imeshapata moto.

Kichwa cha risasi ya .22 kwa kawaida ni madini ya risasi matupu (Kiswahili chetu kinaita madini na kombora jina moja), hakina koti la shaba. Mvuke wake unaganda ndani ya sailensa, na sehemu nyingine unarudi nyuma kwenye bolti na usoni mwako. Miwani ni lazima, na bastola inachafuka haraka zaidi. Nunueni sailensa inayofunguka na muisafishe kila baada ya risasi 300 hadi 500, kabla visahani havijashikamana. Ule mchanganyiko wa siki na haidrojeni peroksaidi unaosifiwa mitandaoni huyeyusha madini hayo kweli, lakini maji yanayobaki ni sumu inayopenya ngozi, nayo huishia kumwagwa kwenye sinki la vyombo. Kwangueni kwa ufito wa plastiki, taka mfukoni, mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula.

Na wanaotaka mashindano ya ISSF wajue: bastola nzima lazima iingie kwenye boksi la milimita 300 kwa 150 kwa 50. Mark IV ya mtutu wa inchi tano na nusu ina karibu 248 peke yake. Urefu wa sailensa ongezeni wenyewe.

Sheria makala iliipita juu juu. Tangu 1934 sailensa Marekani inasajiliwa serikali kuu, kwa alama za vidole na picha. Kodi ya dola 200 imefutwa kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili haujafutwa. Majimbo manane, California, New York na Illinois yakiwemo, hayaruhusu raia kuwa nayo kabisa. Bastola kwa muuzaji mwenye leseni ni miaka 21. Mwenye makazi ya kudumu anaruhusiwa, ila mwenye viza ya muda, mwanafunzi au mgeni wa matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika silaha, hata ya kukodi renji, isipokuwa awe katika misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Vijana wetu wengi wa vyuo wapo kundi hilo, na makala yenu iliwaalika wao.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio