Picha Mliyotuuzia Siyo Mahali Mlipotupeleka

Kisauni,
Mombasa.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Utalii,
Mombasa.

Bwana Meneja,

MINT: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA LAKE POWELL

Mimi na mke wangu tumerudi wiki iliyopita kutoka Arizona, Marekani, tulikokwenda kumwona binti yetu anayesoma Phoenix. Siku tatu za mwisho tulizinunua kwenu: mji wa Page, boti ya kutembea katika ziwa la Lake Powell, na kile mlichokiita "Antelope Canyon kwa maji", yaani korongo jembamba la miamba. Tuliwalipa shilingi 186,000 kabla hatujapanda ndege, na risiti ninayo.

Ukutani mwa ofisi yenu pana picha kubwa ya ufa mwembamba katika mwamba mwekundu, mwale wa jua ukishuka hadi mchangani kama maziwa yanayomiminwa. Mke wangu aliitazama akasema, "Hapo ndipo ninapotaka kusimama." Kijana wenu wa mezani akamjibu, "Mama, ndiko boti inakokwenda."

Boti haifiki huko. Nahodha, mtu mwungwana, alitueleza wazi. Penye picha ni nchi kavu katika ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, na huingii ila kwa miguu ukiwa na mwongozaji wao. Boti huingia upande wa chini wa korongo, ule uliomezwa na maji baada ya bwawa la Glen Canyon kuanza kuyazuia mwaka 1963. Jina moja, mahali pawili. Ni kama kumuuzia mgeni tiketi ya Fort Jesus, kisha ukampitisha kwa ngalawa akautazama ukuta kutoka baharini. Mke wangu alikuwa amebeba leso mpya ya manjano kwa ajili ya picha hiyo. Imerudi Kisauni na mikunjo yake ya dukani.

Sisemi tulichokiona hakipendezi. Nimefanya kazi bandarini miaka 22 na sijapata kuona maji ya kijani yakilala jangwani namna ile, kimya, bila harufu ya chumvi. Lakini majabali yote yana mkanda mweupe kama chokaa, mrefu kupita nyumba za Mji wa Kale, unaoonyesha maji yalikokuwa zamani. Kilindini maji hupwa yakajaa siku hiyo hiyo. Kule bwawa lilijaa mwaka 1980, na kwa ukame wa mto Colorado, mwaka 2023 likashuka chini kuliko wakati wowote tangu hapo. Karatasi yenu inasema "maji yasiyo na mwisho".

Karatasi hiyo hiyo inasema "mkibahatika mtaona Rainbow Bridge". Daraja hilo la jiwe liko kama kilomita 80 kwa maji kutoka kwenye gati, na boti yetu ilikuwa ya saa moja na nusu. Bahati gani hiyo, Bwana Meneja?

La saa nawasamehe nusu. Arizona hawasogezi saa zao wakati wa kiangazi, lakini jimbo jirani la Utah na Wanavajo husogeza, na simu ikishika mnara wa jirani inaruka saa nzima. Hakuna aliyetuonya. Tulifika gatini saa 7 mchana tukidhani ni saa 8, tukasubiri kwenye jua la Agosti huku mke wangu akijipepea kwa ratiba yenu.

Nisichosamehe ni jibu la simu. Nilipowapigia kutoka Page nikaambiwa, "Mzee, si korongo ni lile lile?"

Nataka mnirudishie shilingi 31,000, ambayo ni nusu ya gharama ya siku ya boti, ndani ya siku 14. Na ile picha iondoeni, au muandike chini yake kwamba boti haifiki hapo.

Nimeambatisha nakala ya risiti, ratiba, na picha moja aliyopiga mke wangu akiwa ndani ya boti. Tafadhali ishikeni kando ya ile ya ukutani.

Wenu,
Mteja wa Kisauni