Nitafutie Kifaru

Mombasa, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana, magoti yake ni yaleyale. Bi Rukia amemuoza kitinda mimba wake, picha utaziona kwa dada yako. Tangu Idi sijakuandikia na wewe ulinipigia mara mbili. Niwie radhi, na leo nina haja kubwa kwako.

Nimeanza kukusanya vigari vya chuma. Ngoja, usiulize kwanza, soma.

Mwezi uliopita nilikwenda Kongowea kumtafutia Yahya viatu vya shule. Kwenye mitumba ya vitu vya watoto kuna mama alikuwa amemwaga gunia zima chini, na katikati ya madoli nikaona mgongo wa Volkswagen. Nikakiokota. Kizito mkononi, si kama hivi vya plastiki. Nikafuta vumbi kwa kidole: rangi nyekundu inayoelekea chungwa, namba 18 imebanduka nusu, na juu ya paa tairi la akiba. Nikalizungusha lile tairi, magurudumu ya mbele yakageuka! Nilibaki nimesimama palepale, watu wananipita. Chini kimeandikwa Corgi Toys. Shilingi mia mbili, nikatoa bila kupatana bei.

Salim, ni Corgi namba 256, Volkswagen 1200 ya East African Safari, yale mashindano ya magari, kazi ya miaka ya 1960. Safari yetu hii! Marehemu baba hakumaliza Pasaka bila kumtaja Tommy Fjastad, aliyeshinda mwaka 1962 kwa Volkswagen. Baba naye akanunua yake kwa sababu hiyo, ile iliyotupeleka Tanga watu saba.

Sasa shida yangu ni hii. Kiwandani kilitoka na kifaru wa plastiki, mtoto wa Uingereza acheze gari likifukuzwa porini. Changu hakina kifaru.

Mwanzoni nilikuwa nanunua chochote. Kila Ijumaa vigari vya Hot Wheels vya supamaketi, mpaka droo ikajaa na hakuna hata kimoja nilichokipenda kweli. Muuzaji mmoja aliniuzia kimoja kwa elfu nzima, akisema ni cha 1969 kwa kuwa mwaka huo umeandikwa chini. Kumbe huo ni mwaka wa umbo lenyewe kubuniwa, na umbo moja hurudiwa miaka na miaka. Iliniuma. Ndipo mzee mmoja wa Kibokoni aliponiambia nichague njia moja. Nimechagua magari ya Safari tu: Datsun 240Z ya Shekhar Mehta ya 1973, Lancer ya Joginder Singh, na mengine nitakayojaliwa, ya kipimo cha 1:43, yaani gari halisi lina urefu mara 43 ya kigari. Mzee huyohuyo ndiye aliyenizuia kupaka rangi upya. Kopo nilikuwa nimeshalinunua! Alisema rangi ya kiwandani, hata ikichubuka, ndiyo inayotafutwa.

Halafu nimegundua jambo. Safari ya kwanza ilifanywa 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Elizabeth. Mwaka huohuo kiwanda cha Lesney cha London kiliuza zaidi ya milioni moja ya kigari cha farasi cha sherehe ileile, na vigari vyake vya Matchbox vikaanza. Nimelifikiria hili siku nzima.

Turudi kwa kifaru. Huko Leicester kuna yale masoko ya Jumapili, watu wanauza vitu vyao kwenye buti za magari. Nakuomba upite unitafutie. Wako pia vifaru wa kuigiza, waliotengenezwa juzijuzi, kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi. Mimi namtaka wa asili, hata kama pembe imekatika. Nafuu wa asili mwenye pembe iliyokatika.

Pesa nitampa dada yako.

Je, mume wa Khadija bado anakwenda kwenye hayo masoko? Anaweza kukusindikiza? Wewe unaonaje, nikikosa kabisa nichukue wa kuigiza, au nikiache kigari hivihivi? Disemba unakuja kweli au ni kama mwaka jana? Na ile picha aliyopiga baba yako, baba yangu ameegemea Volkswagen mbele ya duka la Mohamedi, iko kwako huko au ilibaki kwa Fauzia? Nimeshatenga mahali pake kwenye rafu, nyuma ya kigari.

Nduguyo,
Athman